Nafsi ya Kwanza na Nafsi ya Tatu: Tafakuri juu ya Uovu wa Binadamu katika Riwaya za Kigothi

Neno nafsi katika Kiswahili linabeba mizigo miwili ambayo katika lugha nyingi hubebwa na maneno mawili tofauti. Kwa upande mmoja ni utu wa ndani wa mtu, ule unaotamani, unaojilaumu na unaotulia. Kwa upande wa pili ni istilahi ya sarufi, tunaposema kwamba kiambishi ni- ni cha nafsi ya kwanza umoja na a- ni cha nafsi ya tatu. Mwanafunzi wa sekondari anayajua matumizi yote mawili na hayamtatizi. Mimi nami niliyapita kwa miaka mingi bila kusimama, hadi nilipoanza kusoma pamoja na wanafunzi wa shahada ya uzamili riwaya kadhaa za kigothi za Kiingereza, kwa nia ya kujaribu kutafsiri sura chache na kuyajadili matatizo yatakayojitokeza. Insha hii imetokana na usomaji huo. Dai langu ni kwamba uovu wa binadamu, kama unavyosawiriwa katika riwaya zilizo bora za mkondo huu, haukai katika zimwi, mzuka wala jini. Unakaa katika jitihada ya mtu mwenye heshima zake ya kukiondoa kiambishi cha nafsi ya kwanza katika kitenzi kinachotaja tendo lake mwenyewe.

Ni vyema kwanza nieleze kwa ufupi mkondo wenyewe. Kwa kawaida mwanzo wake huhesabiwa tangu riwaya ya Horace Walpole iitwayo The Castle of Otranto, iliyotoka London mwishoni mwa mwaka 1764. Ndani yake mna ngome ya kale, mtawala dhalimu, binti anayekimbizwa katika njia za chini ya ardhi, na kofia kubwa ya chuma inayoanguka kutoka juu na kumponda bwana harusi. Vifaa hivyo vimeigwa mno hata vimechakaa. Linalonivutia zaidi ni ukurasa wa jina. Walpole hakuitoa riwaya hiyo kwa jina lake. Alidai kwamba ni tafsiri ya kitabu cha Kitaliano kilichochapwa Naples mwaka 1529, akambuni mwandishi wa Kitaliano, akambuni na mfasiri wa Kiingereza. Wasomaji walipoipenda, ndipo katika toleo la pili la mwaka 1765 alipokiri kuwa ni kazi yake na kuiita hadithi ya kigothi. Matthew Lewis naye alitoa The Monk mwaka 1796 bila jina lake, akaliweka katika toleo lililofuata. Frankenstein ya Mary Shelley ilitoka mwaka 1818 bila jina la mwandishi, na jina lilionekana katika toleo la mwaka 1823. James Hogg alifanya vivyo hivyo mwaka 1824 katika riwaya yake juu ya mtu anayeua akiamini kwamba amekwisha kuteuliwa kwa wokovu. Sitaki kuyavuta mambo haya kupita uwezo wake, kwani kuficha jina kulikuwa desturi ya kawaida katika uchapaji wa siku hizo. Hata hivyo, inafaa tukumbuke kwamba utanzu tunaouzungumzia ulizaliwa kwa mtu kusema: si mimi niliyeandika, ni yeye.

Katika hatua ya mwanzo ya mkondo huu, swali kubwa lilikuwa kama mizuka ipo au haipo. Ann Radcliffe, katika The Mysteries of Udolpho ya mwaka 1794, alikuwa na desturi ya kumtisha msomaji kwa kurasa nyingi, kisha akamwonyesha kwamba kila kilichotisha kilikuwa na sababu ya kawaida: nyuma ya pazia jeusi hapakuwa na maiti, palikuwa na sanamu ya nta. Msomaji wa Kiswahili anaujua mtindo huu, kwa kuwa Muhammed Said Abdulla aliutumia kwa ustadi katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Watu wanakuwa tayari kuamini kwamba kifo kimesababishwa na mzimu, naye Bwana Msa, kwa ukaidi wake wa kutaka kila jambo lielezwe, anawarudisha kwa binadamu. Wahakiki wetu wamezoea kuihusisha kazi hiyo na hadithi za upelelezi, nao hawakukosea. Lakini kule kukataa mzimu usingiziwe tendo la mtu ni mada ambayo upelelezi na ugothi vinachangia.

Lewis hakuwa na subira ya Radcliffe. Mtawa wake Ambrosio, anayesifika Madrid nzima kwa utakatifu, anaanza kwa kiburi cha wema wake na kuishia kumnajisi na kumuua binti ambaye baadaye anatambulikana kuwa ni dada yake. Shetani anatokea mwishoni na kudai kwamba yeye ndiye aliyeupanga mtego wote. Mimi naiona sehemu hiyo ya mwisho kuwa udhaifu wa riwaya. Tumekwisha kumwona Ambrosio akichagua, hatua kwa hatua, sura baada ya sura, na Shetani anapojitangaza kuwa mwenye mpango anatupunguzia lile tulilokwisha kulielewa.

Mary Shelley hakumhitaji Shetani. Frankenstein ina wasimulizi watatu, mmoja ndani ya mwingine: nahodha Walton, Victor Frankenstein na kile kiumbe alichokiunda. Kila mmoja anasema mimi. Kosa la kawaida la watu wasioisoma riwaya hii ni kumpa kiumbe jina la muumba wake, na kosa hilo lina busara yake. Kijakazi Justine Moritz anahukumiwa kunyongwa kwa kumuua William, mdogo wake Victor. Victor amekwisha kukiona kile kiumbe karibu na mahali pa mauaji, kwa mwanga wa radi, na moyoni hana shaka ni nani aliyeua. Mahakamani hasemi. Anahofia kuonekana mwendawazimu. Anatuambia sisi wasomaji, kwa maneno makali, kwamba yeye ndiye muuaji wa kweli. Anatuambia baada ya kitanzi kumaliza kazi yake. Kisha, akiwa kitandani mwa mauti, anasema ameyapima mambo aliyoyatenda na haoni la kulaumiwa. Kiumbe chake, kilichojifunza lugha kwa kusikiliza ukutani na maadili kwa kusoma vitabu vilivyookotwa, ndicho kinachosimama juu ya maiti ya Victor na kuyataja mauaji yake kwa nafsi ya kwanza. Kati ya hao wawili, asiye na jina ndiye mwenye ni-.

Nimelifikia sasa andiko ambalo lilitushughulisha kuliko mengine yote, Strange Case of Dr Jekyll and Mr Hyde, la Robert Louis Stevenson, lililotoka Januari 1886. Stevenson si mgeni kwa wasomaji wetu, kwani Kisiwa Chenye Hazina kilisomwa kwa Kiswahili tangu zama za utawala wa Waingereza. Riwaya hii nyingine inajulikana kwa muhtasari wake zaidi kuliko kwa maneno yake. Muhtasari unasema hivi: kuna daktari mwema na kuna mtu mwovu, nao wanakaa katika mwili mmoja, na dawa ndiyo inayomgeuza mwema kuwa mwovu. Umetokana kwa kiasi kikubwa na jukwaa na sinema. Mchezo wa kuigiza ulioonyeshwa Boston mwaka 1887 na London mwaka 1888 ulimpa Jekyll mchumba na moyo msafi, na filamu zilizofuata ziliiendeleza njia hiyo. Stevenson mwenyewe aliulalamikia usomaji wa namna hiyo mapema. Katika barua ya mwaka 1887 alikataa kwamba Hyde ni mtu wa anasa za mwili tu, akasema madhara yalikuwa katika Jekyll, kwa kuwa alikuwa mnafiki.

Andiko lenyewe linamuunga mkono. Katika maelezo yake ya mwisho Jekyll anasema kwamba alizaliwa katika utajiri, akapenda heshima ya watu wenye busara, na kwa sababu hiyo akazificha starehe zake. Anaongeza neno ambalo wanafunzi wangu wengi walilipita kwa haraka: kwamba starehe hizo hazikuwa kubwa, na kwamba mtu mwingine angeweza hata kujivuna kwazo. Kwa hiyo jambo la kwanza si uovu. Ni kuficha. Maisha mawili yalikuwako kabla ya dawa. Aidha, dawa haikutenganisha wema na uovu kama muhtasari unavyodai: Hyde ni mwovu mtupu, lakini Jekyll hakuwa mwema mtupu. Alibaki mchanganyiko uleule wa zamani. Aliyepata faida katika mpango huo ni mmoja tu, naye ni yule aliyerudi nyumbani, akanawa, akavaa nguo zake safi na kupokea wageni. Jekyll analijua jambo hili vizuri, hata anajilinganisha na watu wa kale waliokodi wauaji ili wao wenyewe wakae mahali pa salama. Tofauti, anasema, ni kwamba yeye alikuwa wa kwanza kufanya hivyo kwa ajili ya starehe. Alimwandikia Hyde wasia, akamfungulia akaunti benki, akampa mwandiko kwa kuulaza mwandiko wake mwenyewe upande mwingine. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Hyde, aliye mdogo wa umbo kuliko Jekyll, huonekana mara kwa mara katika nguo za daktari zinazompwaya.

Sasa nije kwenye sarufi. Sura ya mwisho imeandikwa na Jekyll, nayo huanza kwa nafsi ya kwanza kama ungamo lolote. Lakini tukifuata vitenzi, tutaona mwendo wa ajabu. Anapoeleza jinsi Hyde alivyomuua mzee Carew kwa bakora, Jekyll anasema mimi: mimi niliupiga ule mwili usiojitetea, mimi niliona raha. Pengine hali ya uhalifu na hatia inapozungumzwa kwa jumla, anawataja wote wawili kwa majina, Jekyll akishangaa matendo ya Hyde, na hapo huyo anayesimulia anakuwa mtu wa tatu asiye huyu wala yule, kama shahidi aliyeketi pembeni. Na baadaye, Hyde anapokuwa anatafutwa kwa ajili ya kitanzi, anajificha hotelini na kutetemeka kwa hofu, Jekyll anahamia nafsi ya tatu, na kusema waziwazi kwamba hawezi kusema mimi. Kwa hiyo, raha ya mauaji imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza; adhabu ilipokaribia, msimulizi akatoka nje ya kitenzi.

Katika Kiingereza kiwakilishi husimama peke yake mbele ya kitenzi, nacho ni neno dogo ambalo jicho hulipita. Katika Kiswahili kiambishi cha nafsi kimo ndani ya kitenzi. Hatuwezi kusema piga bila kusema nani, isipokuwa tunapoamuru. Alipiga, nilipiga: mtenda ameshikamana na tendo kwa silabi moja, na mfasiri hana budi kuamua kwa kila kitenzi. Wanafunzi walipoanza kazi walilalamika kwamba ukurasa umejaa ni- kupita kiasi, na kwamba a- inayofuata inashtua. Niliwaambia waache ishtue. Mmoja wao, kijana mwenye kipaji, alileta rasimu ambayo sehemu ya mauaji ilitafsiriwa kwa kitenzi-jina: kumpiga, kumkanyaga, kuonja raha katika kila pigo. Ilisomeka vizuri mno. Tulichukua muda kutambua kwamba alikuwa amempatia Jekyll mlango wa kutokea ambao Stevenson hakumpa.

Mlango mwingine ulitaka kufunguliwa na msamiati. Hyde ni nani kwa Kiswahili? Rasimu tatu kati ya saba zilimwita pepo, na moja ikasema Jekyll alipagawa. Hoja ilikuwa nzuri: msomaji wa pwani ana elimu ndefu ya mapepo, na ataelewa mara moja kwamba mwili mmoja umekaliwa na mwingine. Niliipinga hoja hiyo, na bado naipinga. Pepo huja kutoka nje. Ana jina lake, kabila lake, manukato yake na mganga wake, na mtu aliyepandwa na pepo halaumiwi kwa alichokisema alipokuwa amepandwa. Jekyll hakupandwa na mtu. Alikunywa. Tukimwita Hyde pepo, tumemsamehe Jekyll kabla hajaomba. Nilipendekeza turudi kwenye neno nafsi, ambalo katika mafundisho ya dini ya Kiislamu limekuwa likieleza jambo hili kwa karne nyingi: nafsi inayoamrisha maovu, nafsi inayojilaumu na nafsi iliyotulia si nafsi tatu, ni hali za nafsi moja. Hata hapo wanafunzi hawakukubaliana wote, na mmoja aliyetoka bara aliniuliza kama sikuwa ninamtia Mskoti wa Kikalvini kanzu na kofia. Swali lake lilistahili. Tuliliacha jina la Hyde bila kuliongezea kitu.

Ningependa hapa nieleze ni kwa nini jambo hili halikuwa kwangu la kinadharia tu. Nilipokuwa kijana, kabla ya kuingia chuo kikuu, nilifanya kazi ya ukarani kwa miezi kadhaa katika mahakama moja ya mwanzo, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kunakili mienendo ya mashauri. Siku moja lilisikilizwa shauri la shambulio la kudhuru mwili. Mshtakiwa alikuwa mtu mzima, mweka hazina wa chama cha ushirika, mtu ambaye watu walimwamkia kwa kuvua kofia. Alikuwa amempiga mtoto wa marehemu dada yake, aliyekuwa akimlea, hata mkono wa mtoto ukavunjika. Mtoto mwenyewe alikuwa ameketi benchi la mbele, mkono umening'inizwa kwa kipande cha khanga. Nilisikia maelezo ya mshtakiwa siku hiyo, kisha nikayanakili kwa mkono wangu, ndiyo maana ninayakumbuka. Nilirudi kutoka ofisini. Nilikuta ng'ombe wameingia shambani. Nilimwita kijana, nikamuuliza. Hasira zikapanda. Mkono ukanyanyuka. Fimbo ikampata. Mtoto akaanguka, na mfupa ukavunjika.

Mmoja wa wazee wa baraza, aliyekuwa akisinzia kwa muda mrefu, au labda alikuwa amefumba macho tu, aliomba ruhusa ya kuuliza. Akasema: "Bwana, mkono ulionyanyuka ulikuwa wa nani?" Mshtakiwa alinyamaza. Kisha akajibu: "Shetani alinipitia, mzee wangu." Mzee akasema: "Shetani hatukumpelekea samansi. Nakuuliza wewe." Watu walicheka, na hakimu akawanyamazisha. Mshtakiwa hakucheka wala hakukasirika. Aliutazama mkono wake wa kulia kama kwamba anauona kwa mara ya kwanza, na hadi mwisho wa shauri hakulijibu lile swali.

Siamini kwamba mtu yule alikuwa akidanganya. Hilo ndilo lililonisumbua, na lingali linanisumbua. Mwongo angesema mtoto alianguka mtini. Yeye hakukana lolote; alisimulia kila kitu kwa mpangilio wake, isipokuwa kwamba kati ya nikamuuliza na mtoto akaanguka hakuwamo. Lugha yetu ilimpa vifaa vyote alivyovihitaji. Tuna kauli ya kutendeka, ambayo kwayo kikombe huvunjika pasipo mvunjaji na fedha hupotea pasipo mpotezaji. Tuna hasira zinazompanda mtu, ghadhabu zinazomshika, na Shetani anayempitia kama gari la abiria. Sisemi kwamba Kiswahili ni lugha ya wakwepaji, kwani kila lugha ina milango yake ya nyuma, na Kiingereza cha ofisini kina mingi kuliko yetu. Ninachosema ni kwamba niliposoma, miaka mingi baadaye, jinsi Jekyll alivyoamka asubuhi moja katika nyumba yake mwenyewe, kitandani mwake, akautazama mkono uliolala juu ya shuka, na badala ya mkono wake mweupe wenye umbo zuri akaona mkono mwembamba wenye mishipa na nywele nyeusi, sikuhitaji mhakiki wa kunieleza maana yake. Nilikuwa nimekwisha kumwona mtu akiutazama mkono wake hivyo.

Yapo mapingamizi dhidi ya hoja yangu, na lililo zito zaidi linatoka kwa Edgar Allan Poe. Wasimulizi wa hadithi zake mbili za mwaka 1843, The Tell-Tale Heart na The Black Cat, hawaogopi nafsi ya kwanza hata kidogo. Wanaitumia kwa wingi, kwa kelele. Yule wa hadithi ya pili anamuua mkewe kwa shoka na kumzika ukutani, na anasema nilifanya, nilifanya, nilifanya. Je, huyo amekiri? Nadhani hapana. Analaumu ulevi, analaumu silika ya ukaidi ambayo anadai imo ndani ya kila binadamu, na hatimaye analaumu paka. Kwa hiyo ni- peke yake si toba. Mtu anaweza kusema mimi na huku akamfanya mimi huyo kuwa sanamu inayosukumwa na vitu vingine. Pingamizi hili linaidhoofisha hoja yangu kwa kiasi fulani, nami naliacha lisimame. Ningeongeza tu kwamba Poe analijua, na kwamba kitisho cha hadithi zake ni kule kuisikia nafsi ya kwanza ikiwa tupu.

Pingamizi la pili ni Dracula ya Bram Stoker, ya mwaka 1897. Hapa uovu unatoka nje kabisa: unatoka Transylvania, unasafiri kwa jahazi, unatua Whitby na kuingia London. Riwaya yote imefumwa kwa shajara, barua na simu za maandishi za wale wanaomwinda Dracula. Wote wanasema mimi, ila yeye. Maneno yake tunayapata kwa kunukuliwa na maadui zake. Hana kivuli, haonekani katika kioo, na hana sura hata moja ya kusimulia. Wanasarufi wa Kiarabu huiita nafsi ya tatu ghaibu, yaani asiyekuwapo, na sijui mhusika anayestahili istilahi hiyo kuliko Dracula. Ninaisoma riwaya hii kwa furaha, lakini naiona iko nyuma ya ile ya Stevenson, ingawa imeichelewa kwa miaka 11. Inamruhusu Mwingereza amalize kitabu akiwa msafi.

Kutoka hapo si mbali kufika kwetu. Msomaji wa Kiafrika hawezi kuzisoma riwaya hizi bila kuona kwamba uovu unapohamishiwa nafsi ya tatu, mara nyingi hupewa rangi na nchi. Mkono wa Hyde umeelezwa kuwa wa weusiweusi. Kurtz wa Joseph Conrad, katika Heart of Darkness ya mwaka 1899, anakwenda Kongo ili giza lililomo ndani yake lipate jina la mahali, na Chinua Achebe alilisema jambo hilo kwa ukali unaofaa katika mhadhara wake wa mwaka 1975. Kwa sababu hiyo hiyo nimeepuka katika insha hii msemo wa moyo mweusi, ingawa ni Kiswahili sanifu. Stevenson aliandika juu ya Jekyll na Hyde mwaka 1885. Februari ya mwaka huohuo mkutano wa Berlin ulimalizika, kampuni ya Karl Peters ikapewa hati ya ulinzi na Ujerumani, na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyesifiwa Ulaya kwa kupinga biashara ya watumwa, akapata kutambuliwa mamlaka yake juu ya Kongo, nchi ambayo hakuikanyaga hata siku moja. Sidai kwamba Stevenson alikuwa na mambo haya akilini. Ila muungwana mwenye kuketi nyumbani, aliyemfungulia mwingine akaunti benki, ni mtu ambaye babu zetu walimfahamu kwa matokeo yake.

Narudi kwa Jekyll, kwani yapo mambo mawili ambayo sikuyaeleza. La kwanza ni lile badiliko lililomkuta mchana katika bustani ya Regent's Park. Baada ya mauaji ya Carew, Jekyll aliapa kuacha, na kwa miezi kadhaa alitenda wema mwingi. Siku hiyo ameketi benchini, kuna jua la majira ya baridi, hajanywa dawa yoyote. Anayafikiria matendo yake mema, anajilinganisha na wanadamu wengine wavivu wasiojali wenzao, anatabasamu. Papo hapo kichefuchefu kinamshika, na anapoyatazama mavazi yake yanampwaya, na mkono ulio juu ya goti una nywele. Hyde hakuja wakati wa ashiki wala wa hasira. Alikuja wakati Jekyll alipojihesabu kuwa bora. Mhakiki anayetaka kuifanya riwaya hii kuwa vita kati ya wema na uovu hana budi kueleza ni kwa nini wema ndio uliomfungulia Hyde mlango hapo, nami sijasoma maelezo ya namna hiyo yaliyoniridhisha.

La pili ni sentensi ya mwisho. Jekyll anaweka kalamu chini, anafunga ungamo lake, na anasema kwamba anayafikisha mwisho maisha ya Henry Jekyll, ambaye anamtaja kama mtu mwingine, mtu wa kuhurumiwa. Mtenda wa kitenzi ni nafsi ya kwanza. Mtendwa ni jina lake mwenyewe katika nafsi ya tatu. Mwili utakaokutwa chumbani mlango utakapovunjwa ni wa Hyde, umevaa nguo za Jekyll, na mkononi umeshika kichupa cha sumu. Basi aliyeandika ni nani, na aliyekunywa ni nani? Tulilijadili swali hilo kwa vikao viwili. Wengine walitaka tuandike namaliza maisha yangu, kwa hoja kwamba msomaji wa Kiswahili atachanganyikiwa; wengine walitaka sentensi ibaki imevunjika katikati, kama ilivyo. Rasimu iliyoko katika jalada letu ina na- ya nafsi ya kwanza mwanzoni mwa kitenzi, kisha jina Henry Jekyll, kisha kiashiria yule. Pembeni, kwa penseli, mwanafunzi ambaye hakuandika jina lake ameuliza kama isingefaa tuseme huyu.